TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Mzazi akirudi kutoka kwenye uraibu



Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu na vijana wetu, Alhamdulillah Mola ametufikisha siku ya 14. Tumo ndani ya kumi ambalo wengi tumezoea kuliita kumi la maghfira. Basi leo tuzungumze kuhusu msamaha mmoja mgumu. Upo kwenye nyumba nyingi za mitaani kwetu, ila barazani hauzungumzwi.

Swali lenyewe ni hili. Mzazi wako alikuwa mraibu. Huenda ni unga, huenda ni pombe, huenda ni kamari ya kwenye simu. Mmeishi hivyo miaka. Sasa ameacha. Anaswali, amefunga tangu mwezi mosi, na ana miezi kadhaa hajagusa kitu. Watu wanakuambia, "Mshukuru Mungu, mzee karudi. Msamehe, yaishe." Lakini wewe ukijitazama moyoni huioni ile furaha wanayoitarajia. Unaona hofu. Unaona na hasira ya miaka, ambayo wewe mwenyewe unaionea haya. Je, hilo ni kosa? Mtoto anadaiwa nini na mzazi wa namna hii, na mzazi anadaiwa nini na mtoto?

Nitasema kwanza na wote, halafu na mzazi, halafu na mtoto, na mwisho na sisi majirani wa nyumba hiyo. Leo ni ndefu kidogo, isome kwa mafungu. Usipoimaliza kabla ya futari, imalizie baada ya tarawehe.

*Kilichovunjika ni nini?*

Tukisema uraibu tunafikiria mwili uliokonda na pesa zilizopotea. Ni kweli, vyote viwili huenda. Lakini rudi kwenye Suratul Maidah, aya ya 91. Baada ya Allah kuharamisha ulevi na kamari katika aya iliyotangulia, anatueleza anachokitafuta shetani humo: kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Allah na kuswali. Angalia mpangilio huo. Uadui baina ya watu umetangulia kutajwa, swala ikafuata. Mwili na mali havikutajwa kabisa katika aya hiyo.

Nyumba yenye uraibu inaijua maana ya aya hii hata kama haijawahi kuisoma. Mtoto wa nyumba hiyo hujifunza kusikiliza hatua za baba akiingia, ajue mapema leo ni usiku wa namna gani. Hujifunza kuficha pesa ya mtihani ndani ya foronya. Hujifunza kumdanganya mwalimu, mwenye duka, hata bibi yake: "Baba amesafiri." Mtoto wa kwanza, mara nyingi binti, anakuwa mama wa wadogo zake akiwa na miaka 12. Yeye ndiye anayejua mkaa umebaki kiasi gani na nani hajala. Redio imeuzwa, kisha feni, kisha cherehani ya mama. Na kila kitu kilipotoka, kilifuatwa na neno lile lile: "Wallahi ni mara ya mwisho."

Cherehani inaweza kununuliwa nyingine. Neno la mzazi halina duka. Mtoto ameshasikia viapo vingi mpaka kiapo hakina uzito tena masikioni mwake. Ndiyo maana mzazi aliyepona akija na maneno matamu, hata yakiwa ya kweli kabisa, hayapati pa kutua.

*Kuacha kwenyewe*

Pwani yetu, kuanzia Lamu, Malindi na Mombasa, kushuka Tanga, Unguja mpaka Dar es Salaam, imeishi na heroini tangu miaka ya 1980. Zamani familia nyingi zilijua njia mbili tu: kumfungia mtu chumbani au kumfukuza. Leo zipo nyingine. Mwaka 2011 Muhimbili walianza kutoa methadoni, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Mwaka 2015 Zanzibar nayo ikaanza pale Kidongo Chekundu, na mwaka huo huo huduma ikafika Malindi na Mombasa. Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, inamwondolea arosto, akili inatulia, anaweza kufanya kazi na kukaa na watu. Zipo pia soba hausi, nyumba ambazo waraibu huishi pamoja kwa miezi, na mara nyingi wanaowaongoza ni wenzao walioacha kabla yao.

Nayataja haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu aliyeamua kuacha asiambiwe "kaza moyo" peke yake. Mnaijua hadithi ya yule aliyeua watu 99, kisha akaua wa mia. Mwanachuoni aliyemfuata alimwambia mlango wa tauba uko wazi, lakini hakuishia hapo. Alimwelekeza ahame mji wake, kwa sababu ulikuwa mji wa maovu, aende kwa watu wanaomwabudu Allah akaabudu pamoja nao. Kwa hiyo kubadilisha mazingira nako kumo ndani ya tauba. Anayeondoka kijiweni akaingia soba hausi anaifuata njia hiyo, na wewe uliyembebea begi mpaka getini una fungu lako.

Ya pili ni ya Ramadhani yenyewe. Wapo wanaoacha kwa heshima ya mwezi, wakarudi siku ya Idd. Hapa sikilizeni vizuri, ni suala la uhai. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hauhimili tena kiwango cha zamani. Akirudia kile kile alichokuwa akitumia, anaweza kufa. Na mtu wa pombe nyingi za kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege. Huyo apelekwe hospitali, asifungiwe chumbani akasomewa tu. Dua na tiba havijawahi kugombana. Kama mzazi wako yuko kwenye methadoni na anataka kufunga, azungumze na daktari wake na sheikh wake. Asiache dawa kimya kimya.

*Haki ya Allah na haki ya mja*

Sasa tuje kwenye kiini. Imam An-Nawawi katika Riyadhus Swalihina, anapofungua mlango wa tauba, anaeleza masharti. Dhambi ikiwa ni baina ya mja na Mola wake peke yake, masharti ni matatu: aiache, ajute, aazimie kutoirudia. Ikiwa inamgusa binadamu mwingine, linaongezeka la nne: amrudishie mwenye haki haki yake.

Wengi tunasimama kwenye tatu. Mzazi ameacha, analia kwenye sijda, amenuia. Tunasema imekwisha. Upande wa Mola hatuna la kusema. Allah ni mwingi wa kupokea tauba, na hatujui ni usiku gani alimpokea mja wake. Lakini mtoto naye ana daftari lake. Ada iliyoliwa. Usiku wa kwenda kulala kwa jirani. Siku ya harusi ya dada iliyogeuka aibu. Hizo ni haki za mja, na sharti la nne linamsubiri mzazi pale pale sebuleni kwake.

Soba hausi zinazofuata zile hatua 12 zimefika hapo kwa njia yao. Mtu huandika orodha ya wote aliowaumiza, kisha huwaendea kurekebisha, isipokuwa pale ambapo kuwaendea kutawaumiza zaidi.

Ugumu uko hapa. Uliyechukua cherehani utarudisha cherehani. Je, uliyechukua miaka minane ya utoto wa mtu utarudisha nini? Utoto haurudi. Kinachoweza kurudi ni kile kilichokuwa ndani yake: kumtegemea mzazi. Kwamba baba akisema saa moja, ni saa moja. Mama akisema atakuja siku ya kikao cha wazazi, atakuja. Hicho kinarudishika, ila hakirudi kwa mkupuo. Hulipwa kidogo kidogo, kama deni la dukani.

Na ndipo tunapochanganya vitu viwili. *Kusamehe ni jambo moja, kuamini tena ni jambo jingine.* Kusamehe ni kuacha kudai kisasi, na hilo unaweza kulifanya leo kabla ya magharibi. Kuamini ni kujua, kwa siku ulizoziona, kwamba mtu huyu hatakuangusha. Siku hizo haziamrishwi, zinangojwa. Ukimwambia mtoto amsamehe baba yake, umemwita kwenye kheri. Ukimwambia amwamini kuanzia leo, umemwomba kitu ambacho bado hana.

*Nyumba ya Nabii Ya'qub*

Tazama familia ya Nabii Ya'qub (a.s.). Pale waliokosa walikuwa watoto, na walioumizwa ni baba yao na ndugu yao. Kwenye mada yetu imegeuka, aliyekosa ni mzazi. Lakini somo linatufaa.

Ndugu walipokwenda Misri kutafuta chakula, Yusuf (a.s.) aliwatambua tangu safari ya kwanza, wao hawakumtambua. Hakujifichua siku ile. Waliondoka wakarudi, na katika kurudi huko Yusuf aliwaona wakiomba achukuliwe mmoja wao badala ya Binyamini, wakimfikiria baba yao mzee. Hao ni wale wale waliomtupa Yusuf kisimani bila kumfikiria mzee. Baadaye, alipojitambulisha na wao wakakiri kosa lao, aliwaondolea lawama pale pale na akawaombea kwa Mola.

Kisha wakarudi kwa baba. Nako wakakiri, wakamwomba awaombee maghfira. Ya'qub (a.s.) akawajibu kwamba *atawaombea*. Alilisema kama jambo linalokuja. Wapo wafasiri waliosema alikuwa akingoja ule wakati wa kabla ya alfajiri, ambao dua hupokewa.

Umeona? Nyumba moja, kosa moja, mitume wawili. Mmoja alisamehe siku ile ile, mwingine akasema itakuja. Hakuna aliyelaumiwa kwa mwendo wake.

Basi nyumbani kwenu nako, mdogo wenu wa mwisho anaweza kumrukia baba mlangoni wiki ya kwanza tu, kwa sababu mengi hakuyaona. Wewe mkubwa uliyeubeba mzigo unaweza kuhitaji mwaka. Mdogo asikuone una roho mbaya, na wewe usimwone msaliti. Kila mmoja ana mwendo wake, muhimu wote muwe mnaelekea upande mmoja.

*Kwako mzazi uliyerudi*

Mzee wangu, mama yangu, kwanza hongera. Ulichofanya wengi hawakiwezi, na Allah anajua usiku uliopita mpaka ukafika hapa. Pokea maneno machache.

Usirudi ukidai cheo. Ulipokuwa haupo, kuna mtu aliishika nyumba. Mke alishika pesa, binti alishika jikoni na wadogo zake. Ukiingia wiki ya kwanza na "mimi ndiye baba hapa", utamwondoa kwenye nafasi yule aliyekuokolea nyumba yako. Omba kazi ndogo. Mpeleke mdogo madrasa. Nenda kanunue tende. Umepewa noti ya elfu kumi, rudisha chenji, ihesabu mbele yao bila kuulizwa, na usinune. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea mama yetu Aisha (r.a.), ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Chenji iliyorudi mara 100 inamwambia mtoto zaidi kuliko hotuba moja ya machozi.

Ukiona wanakagua, vumilia. Mke akihesabu pesa baada ya wewe kupita chumbani, usiseme, "Kumbe bado hamniamini?" Jibu unalo: bado. Hawakukagui kwa chuki, wanakagua kwa sababu uliwafundisha hivyo kwa miaka. Itawachukua muda kusahau somo hilo.

Ukiomba radhi, taja kitu chenyewe. "Kama nimewakosea mnisamehe" ni maneno ya Idd, kila mtu anayasema. Sema: "Nilichukua pesa ya mtihani wako wa kidato cha nne. Ukaulizwa shuleni, ukaona aibu. Nilikosa." Kisha nyamaza. Usidai jibu siku hiyo. Umelipa sehemu yako, mwache na yeye aende kwa mwendo wake, kama Ya'qub.

Na ukiteleza, sema kabla hujagunduliwa, na rudi kliniki au kwa mwongozaji wako siku hiyo hiyo. Kuteleza kunatokea kwenye ugonjwa huu, na wanaoutibu wanalijua hilo. Lakini ukificha, umeurudisha ule uongo ulioivunja nyumba mara ya kwanza.

Tena mwezi huu umekupa mfano mzuri. Unapofunga, unaweza kuingia bafuni ukanywa maji na hakuna atakayejua. Hunywi. Hakuna anayekulinda ila ahadi yako na Mola wako. Uaminifu wa namna hiyo, usiohitaji mtu wa kukutazama, ndio watoto wako wanaousubiri. Kama unauweza kwa Allah kuanzia alfajiri hadi magharibi, omba akupe na kwao mwaka mzima.

*Kwako mtoto*

Kijana wangu, binti yangu, hofu yako si dhambi. Umeungua, unaogopa moto. Hakuna aya inayokulazimisha kujifanya hujaungua.

Lakini jua mipaka yako pande zote mbili. Suratu Luqman, aya ya 14 na 15, inatuusia wazazi wawili, kisha inakuja na hali nzito kupita zote: mzazi anayekushurutisha kumshirikisha Allah. Hapo usimtii. Na bado umeambiwa ukae naye kwa wema duniani. Tazama Allah alivyotenganisha: kutii ni kitu kimoja, wema ni kingine. Ikiwa wema umebaki hata kwa mzazi huyo, basi haumwondokei mzazi aliyeugua uraibu. Salamu ni yake. Sauti ya heshima ni yake. Sahani ya futari ni yake. Dua ni yake. Ila namba ya siri ya simu yako ya pesa, ufunguo wa duka, dhamana ya mkopo, hivyo havimo ndani ya wema uliousiwa. Unaweza kumpakulia uji kwa mikono miwili na bado ukabaki na ufunguo mfukoni. Usijione mbaya.

Na kama kulikuwa na kipigo, au yaliyozidi kipigo, mtu asikulazimishe wewe wala mama yako kulala chini ya paa moja naye ili muonekane mmesamehe. Upo wema wa karibu na upo wema wa mbali. Simu ya Ijumaa kutoka nyumba nyingine nayo ni kuunga udugu.

Sasa upande wa pili, nao mgumu. Hasira ya muda mrefu mtu huizoea. Inafika mahali mtoto ameshakuwa hakimu wa nyumba, na baba akipona, hakimu anakosa kesi. Basi anakaa akingoja ateleze, apate kusema, "Si niliwaambia?" Jichunguze hapo. Miaka ile ni kweli ilikuwepo. Miezi hii nayo ni kweli. Ukikumbuka yale tu na kuyafumbia macho haya, na wewe utakuwa umeingia kwenye dhulma.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja dogo. Akifika saa aliyosema, mwambie, "Nimeona umefika, baba." Akirudisha chenji, mwambie, "Ahsante mama, imetimia." Huyu ni mtu anayelipa deni kidogo kidogo. Mpe risiti. Anayelipa bila kupata risiti hata moja huona afadhali aache kulipa.

Najua utasema, "Ustadh, kila Ramadhani anatubu na kila Idd anarudi kijiweni." Ni kweli, wapo. Basi tazama matendo. Je, amekubali kutibiwa? Amekubali kukaguliwa? Ameachana na marafiki wale? Kama hakuna hata kimoja, una haki ya kufunga kabati la pesa na kungoja, huku ukiendelea na adabu na dua. Kama vipo, basi mara hii kuna tofauti, na wewe pia badilika kidogo. Na akirudi tena pamoja na juhudi zote, jua hili na wafundishe wadogo zako: uraibu wa mzazi haukusababishwa na mtoto, wala mtoto hakuwa na uwezo wa kuuondoa. Usibebe mzigo ambao Allah hakukubebesha. Na wewe nawe tafuta mtu wa kuzungumza naye, mjomba, shangazi, mwalimu, mshauri wa hospitali. Familia nzima iliugua, familia nzima inahitaji nafuu.

*Kwetu sisi majirani*

Jamani, tuseme ukweli. Ndala zikipotea msikitini, macho yote yanakwenda kwa mtu mmoja. Ana miaka mitatu hajagusa kete, bado ni "teja mstaafu" vijiweni. Mtoto wake akiposa, wazee wanaulizana pembeni. Halafu tunashangaa watu wanarudi kule walikotoka. Kule angalau hawaangaliwi hivyo.

Katika Sahihi Bukhari kuna hadithi iliyopokewa na Umar (r.a.) kuhusu mtu aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.), na ambaye aliadhibiwa kwa ajili ya ulevi. Akaletwa tena siku nyingine kwa kosa lile lile. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani, akishangaa ni mara ngapi analetwa. Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, na akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu haikuondolewa, lakini mlevi yule hakutolewa kwenye mapenzi. Sisi tunamtoa hata aliyekwisha kuacha.

Na akiwa ni mama, tunazidisha. Baba akirudi tunasema "mzee karudi". Mama akirudi tunasema "ataleaje watoto yule?" Wanawake wangapi wanakwepa kwenda kutibiwa kwa kuogopa maneno yetu haya?

Tuna la kufanya. Dawa ya methadoni hunywewa kliniki kila siku, na kila siku ina nauli ya kwenda na kurudi. Kuna mtu nauli ya leo tu ndiyo itakayoamua kama atafika kliniki au atarudi kijiweni. Sadaka yako ya Ramadhani inaweza kuwa hiyo nauli ya wiki, na hakuna haja ya jina lako kujulikana. Mwenye gereji, mwenye boda, mwenye duka la jumla: mpe kazi ndogo inayosimamiwa, ili akirudi jioni awe na kilo ya mchele mkononi. Mtoto akimwona baba anaingia na mchele wa jasho lake, pale panalipwa deni ambalo mimi na wewe hatuwezi kumlipia.

*Kazi ya leo*

Mzazi: chagua ahadi moja ndogo ambayo mtoto wako ataweza kuishuhudia, itimize leo na kesho na keshokutwa. Ndogo kabisa. Usitangaze.

Mtoto: kama huwezi kusamehe leo, sema angalau kama Ya'qub, kwamba itakuja. Na mwombee usiku huu kabla ya daku.

Sisi wengine: jina moja la kebehi tulilozoea kumwita mtu mtaani, tuliache leo, lisivuke Ramadhani hii.

Ewe Mola wetu, uliyemrudisha Yusuf kwa baba yake baada ya miaka mingi, warudishe na wazazi wetu walio njiani, na uwape watoto wao vifua vipana. Waliopona wape uthabiti, walio vitandani kwenye arosto usiku huu wapunguzie, na waliofariki kabla hawajaacha waghufirie, na uwape subira watoto waliobaki na maneno ambayo hawakuwahi kuyasema. Tusamehe, na utufundishe kusamehe. Amin.

Mtumie mtu mmoja unayejua atanufaika, ila mtumie inbox, usimtaje kwenye kundi la watu.

Wabillahi tawfiq. Swaumu maqbul. Kesho inshaAllah.